Siku ya Nne Bila Sauti

Jumapili, Agosti. Jioni, jua bado halijazama.

Leo umetanda ule ukungu mkavu wa Agosti, wa moshi wa nyika zinazochomwa huko juu, na tangu asubuhi milima ya Kongo haijaonekana. Ziwa limekwenda hatua chache tu kutoka ufukweni, kisha likageuka anga. Asubuhi yote nilikaa uani kwetu Ujiji, mgongo ukutani, nikiwatazama kuku wakifungua midomo bila kutoa sauti.

Walikuwa wanatoa. Mimi ndiye sikuwa nawasikia.

Nimeandika hapa mtandaoni kwa miaka miwili sasa. Nimeandika kuhusu mvua, kuhusu majibu ya chuo yasiyofika, kuhusu viatu vilivyonibana kwenye harusi ya binamu yangu. Wachache mnaonisoma mnadhani mnanijua. Kuna jambo moja sijawahi kuliandika, na tangu Jumatano si siri tena kwa mtu yeyote wa Katonga, mwalo ambako maboti ya dagaa hutia nanga. Afadhali mlipate kwangu.

Ninasikia mbali.

Nikitulia na kuelekeza sikio, namsikia mtu akikohoa Kidahwe, kilomita nyingi kutoka hapa. Nawasikia wachuma kahawa wa Kalinzi wakiitana kutoka mstari mmoja hadi mwingine. Ilianza nikiwa na miaka kumi na sita, baada ya homa iliyonilaza wiki mbili. Siku niliyopata nafuu nilisikia wanawake wakicheka na kugeuza dagaa kwenye vichanja, nikatoka chumbani kuwasalimu. Sebuleni hapakuwa na mtu. Walikuwa Katonga.

Nilidhani nimepata wazimu. Baadaye nikaipenda. Hamjui ilivyo kulala kitandani saa kumi na moja alfajiri na kusikia ziwa zima likigeuka ubavu. Wavuvi wanarudi, kila mmoja na kasia lake, na mahali fulani katikati kabisa, ambako hakuna mtu, kuna sauti ya maji yenyewe, kama mtu anayepumua na hana haraka yoyote. Nimewahi kulala humo kama mtoto anavyolala mgongoni.

Na nimewahi kuitumia. Mzee mmoja alianguka shambani Kalinzi, akavunjika mguu, akawa anamwita mkewe ambaye alikuwa sokoni. Nilimpigia dereva wa bodaboda ninayemfahamu kule, nikamdanganya kwamba mjukuu wa mzee ndiye aliyenituma. Mtoto alitumbukia kwenye shimo la choo lililokuwa linachimbwa Kidahwe, nikapiga simu, nikadanganya tena. Siku zote nilidanganya, na siku zote walifika kwa wakati. Hakuna aliyewahi kujua ni nani.

Nakiri kwamba kimoyomoyo nilikuwa nikijiita shujaa. Hasa nikiwa napiga mswaki.

Lakini nikisikiliza mbali sana, masikio hufunga. Mara ya kwanza yalifunga nusu saa. Baadaye ikawa nusu siku. Mama alinipeleka hospitali, daktari akamulika kwa tochi, akasema ni safi kabisa, nipunguze mawazo. Nikapunguza. Haikusaidia.

Sasa nikiri la pili, ambalo ni gumu zaidi.

Katonga kuna kijana anaitwa Idrisa. Ana miaka ishirini na mitatu, anatengeneza injini za maboti, na ana boti moja la mbao aliloachiwa na marehemu baba yake. Mimi huenda Katonga mara tatu kwa wiki kumnunulia Mama dagaa wa kuuza kwenye meza yake soko la Ujiji. Idrisa hunibebea gunia hadi kwenye bajaji. Husema, "Karibu tena." Basi. Mikono yake ina mafuta hadi kwenye viwiko, na akiniaga hutazama gunia.

Watu wanasema ni bubu nusu. Mimi najua si kweli, kwa sababu Idrisa akiwa peke yake huzungumza na injini.

Injini ya boti lake anaiita Bibi Harusi. Anaiambia mambo ya mpira, anaiambia kuhusu presha ya mama yake, anaiomba msamaha akikaza nati kupita kiasi. Siku moja, kabla ya Ramadhani, nilikuwa nyumbani nachambua dagaa, mawazo yangu yako Katonga bila sababu, nikasikia: "Bibi Harusi, leo Mwavita kavaa mtandio wa bluu. Mimi nikamwambia 'karibu tena'. Karibu tena! Kama mwenye duka."

Nilicheka hadi Mama akauliza kuna nini.

Ile ya kwanza ilikuwa bahati. Ningegeuza sikio, mambo yangeishia pale. Sikugeuza. Kesho yake nilimtafuta. Na keshokutwa. Kwa miezi mitano nimemsikia Idrisa akijifunza maneno atakayoniambia. "Mwavita, nina jambo dogo." Hapana. "Mwavita, kama huna haraka." Hapana, hapana. "Mwavita, mimi si mtu wa maneno mengi." Halafu anakaa kimya, nasikia spana ikigongagonga chuma, anaanza upya.

Nilivaa mtandio wa bluu mpaka ukapauka. Siku moja aliiambia injini kwamba anapenda ninavyotembea taratibu, nikaanza kutembea taratibu zaidi. Alipoogopa kwamba nina mtu, nilipita karibu yake nikimwambia muuza dagaa, kwa sauti, kwamba mimi sina mtu.

Nilikuwa najiona naota ndoto tamu. Kumbe nilikuwa naiba.

Jumatano upepo wa kusini ulianza kabla ya adhuhuri. Nilikuwa Katonga, kwenye vichanja, nikipima dagaa kwenye ndoo. Mawimbi yalikuwa yanavunjika hadi penye mchanga mkavu, na ule ukungu ulikuwa umefunga kila kitu. Mzee Kasimu, mwenyekiti wa mwalo wetu, alikuwa ameshazuia maboti yote yasitoke.

Nikamsikia mwanamke akihesabu.

"Eliza. Yona. Furaha. Kito. Mdogo." Kisha akamwita Mungu kwa Kiha, Imana, kisha akaanza tena. "Eliza. Yona. Furaha." Nyuma yake nilisikia sufuria likikwaruza mbao na maji yakimwagwa nje, haraka haraka. Mwanaume alikuwa akivuta kamba ya injini, na injini haikuwaka. Walikuwa mbali sana, kusini magharibi, na upepo ulikuwa ukiwasukuma katikati ya ziwa.

Niliiacha ndoo, nikamkimbilia Mzee Kasimu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti. Mbona mbio hivyo?"

"Kuna boti linajaa maji. Kusini magharibi, mbali. Kina mama na watoto."

"Nani kakupigia?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini yeye alinyoosha mkono. "Lete simu niongee nao mwenyewe."

Hapo nikajua umefika mwisho wa barabara yangu.

"Hakuna simu, Mzee. Ninawasikia. Kwa masikio yangu. Kuna mama anahesabu watoto, nimeshika hadi majina yao."

Wanaume waliokuwa wamekaa kwenye boti lililopinduliwa walicheka. Mmoja akasema, "Dada, ni jua limekupiga. Kanywe maji." Mzee Kasimu hakucheka. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kicheko. "Binti yangu, kwa upepo huu siwezi kumtoa mtu ziwani kwa kitu alichokisikia mtu mmoja."

Nilitaka kulia. Yule mwanamke alikuwa ameanza tena kuhesabu.

Idrisa alikuwa pembeni, ameinama kwenye Bibi Harusi, plagi mkononi. Aliinuka, akajifuta mikono kwenye suruali, akaja mpaka mbele yangu. Safari hii alinitazama mimi.

"Wako upande gani?"

Nikanyoosha mkono kwenye ukungu mtupu.

Alirudi kwenye boti, akairudisha plagi kwenye injini, akaanza kulisukuma majini. Mzee Kasimu alimfuata akipiga kelele, "Idrisa! Nikaseme nini kwa mama yako?" Idrisa aliendelea kusukuma. Mimi nilikuwa nimeshaingia majini hadi kiunoni. Mzee alisimama pale, akalaani, kisha akakimbia kibandani na kurudi na majaketi ya kuokolea na galoni la petroli, akaturushia. Wale waliocheka ndio waliotusukuma kuvuka mawimbi ya kwanza.

Nikwambieni jambo ambalo sikulifikiria hata kidogo nikiwa nchi kavu. Injini ikiwaka, sisikii kitu kingine. Kelele yake ilijaa kichwani kama mchanga. Ilibidi nimwombe azime.

"Huku?" Idrisa aliuliza. Boti lilikuwa linapanda na kushuka, maji yanaturukia usoni. "Nikizima hapa, isipowaka, tumekwisha."

"Bila hivyo siwapati."

Alizima.

Boti likageuka ubavu, mawimbi yakalishika. Nilifumba macho. Ukungu ulikuwa mweupe hata ndani ya kope. Nikapeleka sikio mbele, mbele, juu ya maji, mpaka nikaipata ile sauti. Eliza. Yona. "Kushoto kidogo," nikasema. Akawasha, tukaenda.

Tulifanya hivyo mara tatu. Mara ya tatu sikusikia kuhesabu.

Nilisikia sufuria tu, na hata sufuria lilikuwa limechoka. Nilisukuma sikio kwa nguvu ambayo sijawahi kuitumia, nikasikia kitu kama uzi kikikaza nyuma ya macho yangu, na pale mwisho wa uzi kulikuwa na mtoto anayekohoa. "Mbele moja kwa moja," nikasema. "Idrisa, fanya haraka."

Akavuta kamba. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Na tena. Kiganja chake kilichubuka, nikaona damu kwenye kamba. Alikuwa anauma meno, hasemi kitu, kwa sababu mimi nilikuwepo na hawezi kusema mbele yangu.

Nami, kwa hofu, bila kufikiri, nikasema, "Mwite Bibi Harusi! Mwongeleshe kama unavyomwongelesha siku zote!"

Mkono wake ukasimama kwenye kamba.

Aligeuka akanitazama. Sitaisahau sura ile. Hakuna mtu duniani anayelijua jina hilo. Niliona akirudi nyuma siku moja moja, neno moja moja, miezi yote mitano, huku maji yakimiminika kutoka kwenye nywele zake.

Kisha akageukia injini. Aliinama hadi paji la uso likakaribia kuigusa, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi Harusi. Kuna watoto mbele." Akavuta.

Ikawaka.

Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa dumu la njano, likielea peke yake kwenye ukungu. Kisha la pili. Kisha tukaingia mahali ambapo maji yalikuwa yametulia ghafla, mekundu, yanang'aa, laini kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mawese. Madumu yao yalikuwa yamepasuka, mafuta yakatanda na kuyalaza mawimbi. Katikati ya wekundu ule lilikuwa boti lao, limezama hadi mdomoni, na watu wamesimama ndani yake, maji yakiwafika kifuani, wamewanyanyua watoto juu ya vichwa. Hawakuwa wakipiga kelele. Walitutazama tukija kama watu wanaotazama kitu kisichowahusu.

Tuliwatoa mmoja mmoja. Mwenye boti alikuwa wa mwisho. Wote kumi walikuwa hai. Mwanamke aliyekuwa akihesabu alinikumbatia, mtoto mdogo yuko katikati yetu, ananuka mawese na hofu, na mdomo wa yule mama ulikuwa ukienda kasi karibu kabisa na uso wangu.

Sikusikia hata neno moja.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa kimya kwangu. Boti lilitembea bila sauti, mawimbi yalivunjika bila sauti, mtoto mmoja alilia bila sauti mapajani mwangu. Nilikuwa kama mtu anayejiona mwenyewe usingizini. Idrisa alikaa nyuma, ameshika usukani wa injini, anatazama mbele. Hakunitazama hata mara moja.

Tangu Jumatano mji umenijua. Kuna kijana alirekodi kwa simu tulivyofika, na sasa niko kwenye magrupu yote, wananiita Dada Masikio. Watoto wa mtaani kwetu wanacheza mchezo wa kufumba macho na kunyoosha kidole. Alhamisi alikuja mama mmoja, akaandika kwenye kiganja changu kwa kalamu: mbuzi wangu amepotea. Ijumaa akaja mwingine, akitaka nimsikilize mumewe aliyeko Kasulu. Nikawaonyesha masikio, nikatikisa kichwa.

Lakini kuna na wengine. Jirani yetu, ambaye dirisha lake linatazama uani kwetu na hajawahi kulifunga, amelifunga. Binti niliyesoma naye alinipungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara, hakuvuka. Wanafikiria nyuma. Kila mtu anakaa na kukumbuka alichosema alipodhani yuko peke yake.

Mama naye. Alhamisi jioni alichukua daftari langu, akaandika maneno mawili tu, akanigeuzia: "Na mimi?"

Mama akiwa jikoni peke yake huzungumza na baba. Baba alifariki nikiwa darasa la tano. Humwambia bei ya mawese, humlalamikia mimi, na siku nyingine humtukana kwa kuondoka. Najua yote.

Niliandika: "Ndiyo Mama. Nisamehe."

Alisoma, akatoka nje. Alikaa kwenye kigoda mpaka chakula kikapoa. Aliporudi aliweka ugali wa muhogo na samaki wa mgebuka mbele yangu, akakaa chini nami, akala akiwa amenishika kifundo cha mguu kwa mkono wa kushoto, kama alivyokuwa akinishika nilipoanza kutambaa ili nisifike kwenye moto. Hatukuandikiana tena siku hiyo.

Idrisa hakuja Alhamisi. Hakuja Ijumaa. Jumamosi niliacha kutazama mlango wa uani, au nilijidai kuacha.

Leo, baada ya adhuhuri, amekuja.

Alivaa kanzu safi, na mikono ilikuwa imesuguliwa hadi ikawa myekundu, lakini mafuta yalikuwa bado kwenye mistari ya kucha. Kiganja kimefungwa kitambaa. Nilimwona akimwamkia Mama, Mama akamwonyesha mkeka uani, kisha yeye akarudi jikoni na kuacha mlango wazi kabisa, kama inavyotakiwa.

Idrisa akaandika kwenye simu, akanionyesha: "Bado?"

Nikatikisa kichwa. Bado sisikii.

Akaiweka simu kifudifudi kwenye mkeka. Akapumua, nikaona mabega yakishuka. Na akaanza kuzungumza.

Nilielewa mara moja alichokuwa akifanya. Amekuja kuyasema mbele yangu siku ambayo siwezi kuyasikia. Alikuwa anataka, kwa mara moja, kunitazama usoni na kusema yote yaliyomo moyoni, na yabaki yake. Ilikuwa haki yake. Sikumtazama mdomo, nisije nikashika neno. Nilitazama kile kitambaa kwenye kiganja, jinsi kilivyopanda na kushuka kila alipotaka kusisitiza jambo. Wakati mmoja alikasirika, niliona. Wakati mwingine alicheka kidogo. Alizungumza muda mrefu, huyu mtu wanayesema ni bubu nusu, na ukungu ulikuwa umeingia hadi uani, na mimi nilikaa katika ule ukimya nikajisikia vizuri ajabu, kama mtu aliyewekwa chini baada ya kubeba mzigo njia nzima.

Kisha nikasikia twa.

Twa. Twa. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, jikoni. Sauti ilitoka mbali sana, kana kwamba mchi uko chini ya maji. Kisha kuku. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya siku nne, sauti ya Idrisa, mbichi, karibu, bila injini yoyote katikati yetu.

"...mama akaniambia ningoje kwanza boti la pili liishe kuundwa, nami nikakubali, lakini ukweli sikuwa nangoja boti. Nilikuwa naogopa. Kila siku nakuona unakuja na..."

Ningeweza kukaa vilevile. Uso wangu unajua kutulia, umepata mazoezi miezi mitano. Angemaliza, ningekuwa nimepata kila kitu, na asingejua hadi kufa kwake.

Nilikitaka sana kile kilichofuata. Nasema kweli.

Nikanyanyua mkono. "Idrisa, nyamaza. Nasikia."

Alinyamaza mdomo ukiwa wazi.

"Tangu lini?"

"Sasa hivi. Tangu uliposema mama yako alikwambia ungoje."

"Ya nyuma?"

"Sikusikia. Wallahi."

Jikoni mchi ulikuwa umesimama, maana Mama aliisikia sauti yangu.

"Ungeweza kukaa kimya," akasema.

"Ningeweza."

"Kama siku zote."

"Kama siku zote," nikasema, na hapo machozi yakanitoka, sikuyafuta. Nikamwambia yote. Mtandio. Kutembea taratibu. Muuza dagaa. Alisikiliza masikio yakimgeuka mekundu. Alipotoka kwenye mkeka na kwenda hadi mlango wa uani nilijua ameondoka, na nikaona ni sawa.

Hakuondoka. Alisimama pale mgongo umenielekea, kisha akarudi na kukaa tena, safari hii karibu zaidi, mbele yangu kabisa.

"Yale uliyoyachukua siwezi kukurudishia wala kukunyang'anya," akasema. "Haya nakupa mwenyewe. Nakupenda, Mwavita. Na bado nimekasirika. Yote mawili."

"Yote mawili," nikasema.

"Nikiwa na injini nataka kuwa peke yangu. Utaniachia?"

Ningependa kuwaandikia hapa kwamba niliapa. Sikuapa, kwa sababu si kila sauti naiita mimi. Nyingine huja zenyewe. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kwamba sitamtafuta tena, na kwamba sauti yake ikinijia yenyewe nitamwambia siku hiyohiyo, hata kama ni jambo la aibu, lake au langu.

Alifikiri. Idrisa akifikiri unaweza kuota jua. "Sawa," akasema. "Na mimi nitajaribu kukwambia wewe kwanza, kabla ya kumwambia yeye." Hakutaja ni yeye gani. Tukacheka, mimi nikiwa bado nalia, na mchi ukaanza tena jikoni, kwa nguvu kuliko kawaida.

Kisha nikawaambia, yeye na Mama aliyekuja kusimama mlangoni na mikono yake ya kijani, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Kwamba kila safari ukimya unakuwa mrefu zaidi. Nusu saa, nusu siku, sasa siku nne. Kwamba Mzee Kasimu ametuma ujumbe nikipona niende, wamenitengea mahali pa kukaa mwaloni siku za upepo mbaya, na kwamba mimi nataka kwenda. Na kwamba huenda siku moja nitasikiliza mbali kiasi kwamba masikio hayatarudi.

Mama alisema, "Basi usiende." Baadaye akasema, "Wale watoto watano." Kisha akarudi jikoni bila kumaliza sentensi yoyote.

Idrisa hakuniambia niende wala nisiende. Alisema kwamba injini inapiga kelele na mimi nikizidiwa nakuwa kiziwi, kwa hiyo tunahitaji alama za mikono. Tukakaa kwenye mkeka tukazitengeneza. Kushoto. Kulia. Zima. Washa. Wako hai. Tulizirudia hadi zikakaa mikononi, tukikosea na kuanza upya, na jua likawa duara jekundu ndani ya moshi ambalo unaweza kulitazama bila kukunja macho.

Alipoondoka alisimama mlangoni, akafanya alama moja ambayo hatukuitengeneza pamoja. Kiganja chenye kitambaa kifuani, kisha vidole viwili vikagusa sikio, taratibu. Hakueleza. Akageuka, akaenda zake.

Nimekaa hapa naijaribu kwa mkono wangu. Natamani kujua maana yake, na saa hii yuko njiani kuelekea Katonga, na nina hakika anazungumza peke yake. Sijapeleka sikio. Kuku nawasikia, Mama namsikia akimimina maji, upepo nausikia ukianza tena kusini. Kesho asubuhi nitakwenda kukaa pale mwaloni waliponitengea, na nitamuuliza kwa mdomo, kama watu wanavyoulizana.

Je, nikiuliza, nitaweza kungoja ajibu?